Mbona mawazo yangu hayakai kwenye mchoro wa matawi?

SWALI: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaoacha dawa. Nimekusanya maelezo mafupi 64, mengine kutoka kwenye mahojiano, mengine kutoka vitabuni. Msimamizi wangu amesema hatasoma sura yoyote kabla sijamwonyesha mchoro wa matawi. Nimeshachora mara nne. Kila mara wazo moja linataka kukaa sehemu tatu, mistari inapishana, na tawi nililoliita "Mengineyo" limekuwa kubwa kuliko yote. Nakuambatanishia mchoro wa mwisho pamoja na maelezo yenyewe. Je, mada yangu haifai kwa mchoro wa namna hii, au ni mimi nisiyejua kuchora? Na nitumie programu gani?

JIBU: Ndugu yangu, mada yako inafaa kabisa na mkono wako hauna kasoro. Nimekaa na mchoro wako jioni nzima, nimesoma na maelezo yako yote 64, na tatizo naliona mahali pamoja tu, hapo juu kabisa, kwenye mgawanyo wa kwanza.

Umeandika "Wagonjwa kuacha dawa", kisha chini yake umeshusha matawi matano: Wagonjwa, Gharama, Presha na kisukari, Suluhisho, Mengineyo. Chukua kila tawi ujiulize linajibu swali gani. "Wagonjwa" linajibu nani. "Gharama" linajibu kwa nini. "Presha na kisukari" linajibu ugonjwa upi. "Suluhisho" linajibu tufanye nini. "Mengineyo" halijibu chochote. Hayo ni maswali manne, na umeyapanga mstari mmoja kana kwamba yamezaliwa tumbo moja. Sasa tazama maelezo yako ya 17: "Mama mwenye kisukari aliacha vidonge miezi miwili kwa kukosa nauli ya kwenda kliniki." Huyu ni mgonjwa, kikwazo chake ni gharama, na ugonjwa wake ni kisukari. Ana haki ya kukaa kote kutatu. Wazo lenyewe halina ukaidi wowote. Umeliuliza maswali matatu kwa mpigo, nalo limeyajibu yote.

Kwa hiyo jambo ninalotaka ulishike ni hili. Kila mahali mchoro unapogawanyika pana swali moja, na matawi yote yanayotoka hapo ni majibu ya swali hilo hilo. Liandike. Chukua kalamu ya rangi nyingine uandike swali lenyewe kwenye panda, pale mistari inapoachana. Ukishindwa kuliandika, jua hapo hujagawanya bado, umerundika. Nimesoma rasimu nyingi za tasnifu, na nyingi zinazosomeka kwa shida zilianza kwenye mgawanyo ambao mwandishi hakuwahi kujiuliza swali lake.

Wewe michoro hii unaijua tangu shuleni, ingawa labda hukuwahi kuifikiria hivi. Ulipofundishwa uchanganuzi wa sentensi kwa matawi, ulichora S (sentensi) juu, ukashusha KN (kikundi nomino) na KT (kikundi tenzi), kisha nomino, kitenzi, kivumishi. Ulikuwa unajibu swali moja kila ngazi: sehemu hii imeundwa na nini? Chukua maneno manne tu, "mkuu wa shule mpya". Nani mpya, mkuu au shule? Ukisema "mkuu wa shule nzuri" au "mkuu wa shule mzuri", upatanisho unakuambia papo hapo. Lakini "mpya" linasimama sawasawa na mkuu wa ngeli ya A-WA na shule ya ngeli ya I-ZI, kwa hiyo sikio halikusaidii. Chora sasa. Katika mchoro wa kwanza, "shule" na "mpya" wanaungana kwanza, ndipo wanapanda pamoja kumkuta mkuu. Katika mchoro wa pili, "mkuu wa shule" wanaungana kwanza, ndipo "mpya" linakuja kuwavaa wote. Maneno ni yale yale, mpangilio wa mstari ni ule ule, maana ni mbili. Utata uliokuwa umejificha kwenye mstari umeonekana kwa macho.

Mchoro wa matawi una kazi hiyo hasa. Aya hukuruhusu kuweka mawazo mawili jirani bila kusema yanahusianaje. Unaweka "vilevile" katikati na maisha yanaendelea. Mchoro haukupi nafasi hiyo. Kila mstari unaoushusha ni kauli: hili limo ndani ya lile. Ndiyo maana umechora mara nne bila kuridhika. Mchoro umekuwa ukikuuliza jambo ambalo aya zako zilikuwa zinalipita.

Wazo hili la swali kwenye kila panda ni la zamani sana. Katika karne ya 3, mwanafalsafa Porphyry aliandika utangulizi wa mafundisho ya mwanafalsafa wa kale Aristotle kuhusu namna ya kuainisha vitu. Alianza na kila kilichopo, akauliza: kina mwili au hakina? Chenye mwili, kina uhai au hakina? Chenye uhai, kina hisia au hakina? Akashuka hivyo hadi akamfikia binadamu. Yeye alieleza kwa maneno tu. Wasomi wa baadaye ndio waliochora, na mchoro huo ukafundishwa vyuoni kwa karne nyingi ukiitwa mti wa Porphyry. Ukiutazama, utaona umesimama kwa maswali. Majina ya vitu yananing'inia tu kwenye majibu.

Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, naye anatufundisha upande wa pili. Mwaka 1735 alitoa utaratibu wake wa kupanga viumbe, na mimea akaigawa katika madaraja 24. Swali lake kwenye mgawanyo wa kwanza lilikuwa moja, tena lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu yeyote mwenye ua mkononi angeweza kulijibu: stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, ziko ngapi na zimekaaje? Kwa kuwa swali lilikuwa moja na lilijibika, watu waliokaa mbali mbali waliweza kuuweka mmea ule ule mahali pale pale bila kuonana. Lakini daraja lake la 24 ndilo linalonivutia zaidi kwa ajili yako. Humo alitia mimea yote ambayo maua yake hayaonekani: kangaga, kuvumwani, mwani, hata kuvu. Aliliita Cryptogamia, yaani ndoa iliyofichika. Kwa maneno mengine, ndilo lililokuwa tawi lake la Mengineyo. Wataalamu waliofuata walilifungua, na leo tunajua kuvu si mimea kabisa. Wana himaya yao wenyewe. Rundo lililokataa kujibu swali lilikuwa limebeba habari kubwa. Tafadhali likumbuke hilo, tutalirudia.

Kisha swali lenyewe likabadilika. Linnaeus aliuliza viumbe vinafanana wapi. Mwanasayansi wa viumbe Charles Darwin aliuliza vimetokana na nini. Mwaka 1837 alichora kwenye daftari lake kijiti chenye matawi, na juu yake akaandika maneno mawili yenye maana ya "Nadhani". Kitabu chake kikuu cha mwaka 1859 kina mchoro mmoja tu, nao ni wa matawi. Viumbe ni wale wale waliokuwa wakiainishwa tangu zamani, lakini swali jipya limezaa mti mwingine. Ndiyo maana nikikuta mtu anabishana na mwenzake kuhusu mchoro "sahihi" wa mada fulani, huwaomba kwanza kila mmoja aseme swali lake. Mara nyingi ubishi huishia hapo, maana walikuwa wanajibu maswali tofauti.

Sasa turudi kwenye kazi yako. Tasnifu yako inauliza kwa nini wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaacha dawa. Basi mgawanyo wa kwanza uwe wa sababu, na swali la kwenye panda liwe: "Sababu inatoka wapi?" Huna haja ya kubuni majibu yote peke yako. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2003 kuhusu kudumu kwenye tiba za muda mrefu lilizigawa sababu katika pande tano: hali ya kijamii na kiuchumi, mfumo wa huduma na wahudumu wake, ugonjwa wenyewe, tiba yenyewe, na mgonjwa mwenyewe. Ona jinsi pande zote tano zinavyojibu swali moja. "Nani" hayupo hapo, wala "tufanye nini" haimo. Suluhisho zako zina mti wao, na utauchora baadaye kwenye karatasi nyingine ukitumia matawi haya haya, kila sababu na dawa yake.

Lakini usidhani ukishakuwa na swali moja kila kitu kitatulia chenyewe. Mipaka ndiyo inayochosha, na ndipo kazi ya kufikiri inapofanyika. Mrudie yule mama na nauli yake. Nauli ni uchumi, au ni mfumo wa huduma uliojenga kliniki mbali naye? Unaweza kubishana na nafsi yako wiki nzima. Ninapofika hapo huwa natunga kanuni ya mpaka, kisha naiandika pembeni ya mchoro isiondoke. Kwako ingekuwa hivi: "Kama mgonjwa angekuwa na fedha, sababu hii ingebaki?" Ikiwa ingeondoka, iende uchumi. Ikiwa ingebaki, iende huduma. Nauli: fedha ingeimaliza, iende uchumi. Foleni ya kusubiri saa nne nzima uliyoitaja kwenye maelezo ya 22: hata mwenye fedha angeisubiri, iende huduma. Dawa kuisha kwenye ghala la kliniki: huduma. Vibarua vinavyomnyima mtu ruhusa ya kwenda kuchukua dawa: angekuwa na akiba angekwenda, uchumi. Mtu mwingine anaweza kuchagua kanuni nyingine, na mti wake ukawa mzuri vilevile. Cha msingi kanuni iwe moja, iandikwe, na itumike kwa maelezo yote bila upendeleo. Msimamizi wako akiuliza kwa nini nauli iko pale, utakuwa na jibu, na jibu hilo litaingia moja kwa moja kwenye sura yako ya mbinu.

Yapo maelezo ambayo kanuni haitayaweza, kwa sababu ndani yake mna mawazo mawili. "Nilijisikia mzima, nikaona nimepona, nikaacha." Umeyaandika kama wazo moja. Hebu yakate. "Nilijisikia mzima" ni habari ya ugonjwa: shinikizo la damu mara nyingi halina dalili yoyote, kwa hiyo mtu anaweza kujisikia vizuri huku mishipa yake inaumia. "Nikaona nimepona" ni habari ya mgonjwa: ni imani yake kuhusu maana ya kujisikia mzima. La kwanza huwezi kulibadilisha. La pili linabadilika kwa mazungumzo mazuri na muuguzi. Kwa kukata sentensi moja umepata hoja ambayo haikuwepo. Nakuomba usiogope mkasi. Katika maelezo 64, nimehesabu angalau tisa yanayohitaji kukatwa hivyo.

Yakishakatwa, yaandike upya kwenye vijikaratasi, kila kimoja wazo moja, tena kwa sentensi nzima. Usiandike "Foleni". Andika "Foleni humlazimisha mgonjwa achague kati ya kibarua cha siku na dawa za mwezi." Neno moja ni jina la sanduku, halikuambii kilichomo. Sentensi inaweza kupingwa, inaweza kuthibitishwa, na inajua inapokwenda. Matawi ya juu yanaweza kubaki majina mafupi, lakini majani yawe sentensi.

Halafu jaribu kupanga kutoka chini badala ya juu. Mwanaanthropolojia wa Japani Jiro Kawakita, baada ya kulimbikiza rundo la taarifa za utafiti wa nyanjani, alibuni njia ambayo leo inajulikana kwa herufi za jina lake, KJ. Kila taarifa inaandikwa kwenye kadi yake, kadi zinatandazwa zote mezani, unazisoma polepole, na zinazoelekeana unazisogeza pamoja bila kuzipa jina. Jina linakuja mwisho, baada ya kikundi kuwepo. Ninaipenda njia hii kwa sababu inakuzuia kuyalazimisha mawazo yaingie kwenye masanduku uliyokuja nayo kichwani. Kwako ningeitumia kwa kila upande kati ya zile pande tano. Tandaza vijikaratasi vya "tiba yenyewe", uvitazame. Vingine vinahusu madhara ya dawa, vingine idadi ya vidonge kwa siku, vingine muda ambao tiba inachukua. Vikundi vikishajitokeza, jiulize vinajibu swali gani kwa pamoja. Hapo unaona swali: "Ni kitu gani cha tiba kinachomchosha?" Liandike kwenye panda. Umeanzia chini ukakutana na swali juu, na mara nyingi ndivyo miti mizuri inavyopatikana: swali la juu kabisa linatoka kwako, maswali ya katikati yanatoka kwenye kadi.

Tawi likibaki na kitawi kimoja tu, kifute. Kitu hakigawanyiki kikatoka kimoja.

Kuhusu upana na kina, huenda umesoma mahali kwamba tawi lisizae zaidi ya saba. Namba hiyo inatokana na makala ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956 kuhusu kiasi cha vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika akilini kwa mara moja, na mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alionyesha kwamba kiasi hicho kinakaribia vinne. Lakini wote wawili walizungumzia vitu vinavyoshikwa kichwani. Mchoro uko mezani, macho yanaurudia yanavyotaka, kwa hiyo tawi lenye vitawi tisa si kosa. Kikomo kinakuja utakapogeuza mchoro kuwa maandishi, kwa sababu msomaji wa aya hana mchoro mbele yake. Ukimwambia "sababu ni kumi na moja", ya tano ikifika ya kwanza imeshampotea. Hapo ndipo ningekushauri uziunganishe chini ya mawazo matatu au manne, ilimradi kila kiungo kiwe na swali lake.

Na faida ya kuunganisha hivyo imepimwa. Mwaka 1969 mwanasaikolojia Gordon Bower na wenzake waliwapa watu maneno 112 ya kukumbuka. Kundi moja liliyaona yamepangwa kwa matawi. Mti wa madini, kwa mfano, uligawanyika kuwa metali na mawe. Metali zikawa za nadra, za kawaida na za mchanganyiko. Chini ya za nadra zikakaa platinamu, fedha na dhahabu. Kundi la pili liliona maneno yale yale kwenye matawi yale yale, ila yamevurugwa. Baada ya kusoma mara moja, kundi la kwanza lilikumbuka kwa wastani maneno 73, la pili takriban 21. Kufikia mara ya tatu, kundi la kwanza lilikuwa limeyakumbuka yote. Mimi somo ninalolichukua ni kuhusu kundi la pili. Nao walikuwa na mchoro. Walikuwa na mistari, ngazi na matawi kama wenzao, na haukuwasaidia, kwa sababu mistari haikuwa na maana. Mchoro wako wa nne ulikuwa katika hali hiyo. Umbo lilikuwepo, swali ndilo lililokosekana.

Mzizi uwe juu au chini? Chagua unavyopenda. Mwaka 1855 Daniel McCallum, msimamizi wa reli ya New York na Erie huko Marekani, alitoa mchoro wa uongozi wa reli hiyo ambao bodi ya wakurugenzi imekaa chini kabisa kama mzizi, na njia za reli zimepanda juu kama matawi ya mti halisi. Siku hizi wakubwa huchorwa juu. Kwa maandishi ya Kiswahili napendelea kulaza mti, mzizi kushoto na matawi kuelekea kulia, kwa sababu tunasoma hivyo na sentensi ndefu za majani zinapata nafasi ya kunyooka.

Kuna jambo moja ambalo mchoro hautakupa, nalo huwapotosha wengi wanapofika kwenye uandishi. Mchoro unasema nini kimo ndani ya nini. Hausemi nini kitangulie. Matawi mawili ndugu hayana mkubwa wala mdogo. Yamekaa kushoto na kulia kwa bahati tu ya ulivyochora. Utakapoyapa namba 1, 1.1, 1.2, mpangilio huo lazima uuamue wewe kwa sababu yako. Je, unaanza na sababu iliyotajwa na watu wengi? Au na ile inayomkuta mgonjwa mapema, tangu siku anaambiwa ana ugonjwa? Kwa tasnifu yako ningefuata safari ya mgonjwa: ugonjwa, tiba, huduma, kisha jamii anayorudi kuishi nayo, na mwisho yeye mwenyewe na maamuzi yake. Lakini huo ni uamuzi wa msimuliaji, na una haki ya kuamua tofauti.

Zipo pia hoja ambazo mti hauziwezi, na ni heri ukiri hilo kuliko kuzipinda. Maelezo yako ya 41 yanasimulia mtu aliyepata sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), akaacha dawa, ugonjwa ukazidi, na sonona ikazidi kwa sababu ugonjwa umezidi. Hilo ni duara. Katika mti hakuna njia ya kurudi juu. Jani halimzai babu yake. Liweke pale linapoanzia, chora mshale wa nukta nukta kuelekea linapogusa, na kwenye sura husika mpe msomaji mchoro mdogo wa duara peke yake. Hata ile ripoti ya mwaka 2003 inasisitiza kwamba pande zake tano zinaingiliana. Mishale miwili mitatu ya nukta nukta haiharibu mti. Ukifikisha kumi na tano, hapo ni kweli mada inadai umbo jingine, labda ramani ya dhana ya aina aliyoianzisha Joseph Novak wa Chuo Kikuu cha Cornell katika miaka ya 1970, ambayo kila mstari huandikwa kitenzi: "husababisha", "huzuia", "hutegemea". Kwako nimehesabu minne. Mti unatosha.

Kuhusu programu: anza na karatasi, na sisemi hivyo kwa kupenda mambo ya zamani. Kwenye kompyuta kitufe kimoja kinaongeza tawi, na tawi linatokea likiwa nadhifu, lina rangi, limenyooka, hata kama halijibu swali lolote. Unadhifu huo unakuridhisha kabla ya wakati. Kijikaratasi kinabaki mkononi mwako mpaka uamue. Vijikaratasi vikishatulia siku mbili bila kuhamishwa, hapo vihamishie kwenye programu yoyote. FreeMind ni ya bure na inatosha. Hata programu ya kawaida ya kuandikia yenye mwonekano wa muhtasari inatosha, maana muhtasari wenye ngazi ni mti uliolazwa.

Nimeliacha tawi la Mengineyo mwisho kwa makusudi. Umelitilia maelezo 19, na unaliona kama aibu ya mchoro wako. Nimeyasoma yote. Mengi yatapata makao mara tu utakapoandika swali la kwanza. Lakini saba hayatapata kwa urahisi, na ukiyaweka pamoja mezani yanatazamana. "Nilizificha kwenye soksi." "Kazini nilikuwa namezea chooni." "Mchumba wangu alijua ni vitamini." "Nilimwambia daktari ninameza kila siku." "Nilibandua lebo kwenye chupa." "Wageni wakija siku tatu, siku tatu sijameza." "Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema." Hawa hawakuacha kwa kukosa fedha, wala dawa haikuwadhuru. Waliacha kwa sababu kumeza kunahitaji kuonekana. Tawi hilo linakaa chini ya hali ya kijamii, swali lake ni "Anamficha nani?", na majibu tayari unayo: mchumba, wageni, watu wa kazini, daktari. Vitandaze hivyo saba kesho asubuhi kabla ya vingine vyote.